Gari Lililoshushwa: Kwa Nini Tairi Husugua na Alaimenti Haishiki

Gari lililoshushwa likianza kusugua tairi, mwenye gari huambiwa mambo matatu na watu watatu. Fundi bodi humwambia akunje ukingo wa madigadi. Muuza matairi humwambia anunue tairi jembamba zaidi. Mtu wa mashine humwambia alaimenti imehama, alipie ipimwe upya. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana gari hulipiwa mara tatu na bado linasugua.

Hapa Soweto, kata ya Manispaa ya Moshi, tatizo hili lina sura yake ya pekee. Mjini unaweza kuzunguka siku nzima na gari la chini lisikusumbue. Lakini safari zenye uzito kwetu huelekea juu: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu. Ni safari za misiba, harusi, ubarikio na sikukuu, nazo hazifanywi na mtu mmoja ndani ya gari tupu. Ninachoshikilia katika uchambuzi huu ni kwamba kusugua na kupotea kwa alaimenti ni matatizo mawili yenye chanzo kimoja, nacho ni kimo kilichochaguliwa gari likiwa tupu. Anayetaka kuyamaliza lazima aanze na kimo na mzigo, kisha rimu na tairi, ndipo afike kwenye mashine. Sisi tunaanza na rimu, tunakata springi ili rimu ipendeze, halafu tunaiomba mashine iokoe.

Niseme mapema kwamba kushusha gari si upuuzi wa vijana. Kitovu cha uzito kikishuka, gari hutulia zaidi kwenye kona, na magari ya mashindano ya lami hukaa chini kwa sababu hiyo. Upo pia utamaduni mzima nyuma yake. California, Wamarekani wenye asili ya Meksiko walijenga sanaa yao ya magari ya chini hadi jimbo likatunga sheria mwaka 1958 ya kuzuia gari lolote ambalo sehemu yake iko chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga mitungi ya haidroliki kwenye Corvette yake, ili ainue gari anapokutana na askari na kulilaza akishapita. Watu wale waliona mapema kwamba kimo kimoja hakifai kila mahali.

Japani, yanakotoka magari yetu mengi, ukaguzi wa lazima wa serikali unataka gari libaki na nafasi ya sentimita 9 kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya bodi. Altezza, Mark II na Impreza kadhaa huteremka bandarini zikiwa zimeshushwa tayari huko, kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na zilipita ukaguzi huo bila shida. Sasa zinakuja mahali ambapo tuta la kawaida la barabarani lina kimo cha milimita 75 hadi 100, achilia mbali yale ambayo wananchi wameyamimina wenyewe kwa udongo na kokoto baada ya mtoto kugongwa. Gari lenye milimita 90 chini ya tumbo lilikuwa halali Osaka. Hapa linapita juu ya matuta kwa bahati.

Mtaani kwetu, hata hivyo, njia inayotumika zaidi ni msumeno. Springi inatolewa, inakatwa mzunguko mmoja au mmoja na nusu, inarudishwa, gari linaondoka jioni hiyo hiyo. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: mizunguko ikipungua, ugumu unapanda. Springi yenye mizunguko 6 ikikatwa 1 hubaki na 5, na ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Wanaoitetea njia hii hushikilia hapo hapo, kwamba springi imekuwa ngumu kwa hiyo haitabonyea hadi mwisho. Hesabu yao inaishia katikati. Chukua shokapu iliyokuwa na milimita 90 za kubonyea kabla ya kugota kwenye raba yake. Gari likishushwa milimita 50, zimebaki 40. Umeongeza ugumu kwa moja ya tano, ukapoteza zaidi ya nusu ya nafasi.

Kasoro ya pili iko kwenye ncha. Kiwandani mzunguko wa mwisho huundwa ukae sawasawa kwenye kikombe cha shokapu. Ukishakatwa, springi hukaa kwa kuegemea. Gari likinyanyuliwa kwa jeki, au tairi likidondoka kwenye shimo refu, springi iliyofupishwa hulegea ndani ya kikombe na inaweza kurudi ikiwa imehama. Mlio mkavu unaosikika mtu akikata usukani mahali pamoja mara nyingi ni springi hiyo inayojizungusha, na nimeona watu wakibadilisha boljointi nzima kwa ajili ya mlio huo.

Kuchoma springi kwa gesi ili ilale ni kubaya zaidi, na hapa sina maneno ya kupoza. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kiwango kilichopimwa kiwandani. Moto wa gesi unaondoa kazi yote hiyo mahali ulipogusa. Springi iliyochomwa haitulii kwenye kimo kipya. Inaendelea kulala kidogo kidogo, na pande mbili hazilali sawa kwa sababu hazikuchomwa sawa. Mwenye gari anapima alaimenti leo, mwezi ujao gari linavuta kushoto, anarudi kugombana na mtu wa mashine. Mashine haikukosea. Gari lililopimwa siku ile lilikuwa na kimo kingine.

Sasa weka mzigo. Kila Desemba familia za Kichaga zinapanda kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 560 hivi hadi Moshi, kuja kula Krismasi nyumbani. Gari dogo linabeba watu watano, masanduku, mchele, mafuta ya kupikia na zawadi za bibi. Tuseme springi yake ya nyuma hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 2 zinazoongezwa juu ya tairi, kiwango ambacho si cha ajabu kwa magari ya aina hiyo. Watu watatu kwenye kiti cha nyuma pamoja na buti iliyojaa wanaweza kuliongezea kila tairi la nyuma kilo 100. Nyuma inashuka milimita 50. Gari la kiwandani lililokuwa na 90 linabaki na 40 za kupokea mashimo na matuta. Lile lililokatwa lina hizo 40 tu tangu mwanzo, na hata kwa springi iliyokuwa ngumu kwa asilimia 20 mzigo ule unadai karibu 42. Maana yake limegota kwenye raba kabla halijatoka uani. Kuanzia hapo kila tuta linapigwa na bodi yenyewe, na ukingo wa madigadi unakutana na tairi.

Mlima una tabia nyingine ambayo jaribio la kuzunguka mtaa wa Soweto haliwezi kuionyesha. Lango la Machame liko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Moshi mjini ni mita 800 na ushei. Gari linapopanda, uzito unarudi nyuma na matairi ya nyuma ndiyo yanayosugua. Linaposhuka huku dereva akikanyaga breki kwenye kona, uzito unakuja mbele, na tairi la mbele la upande wa nje ya kona linabanwa juu huku limegeuzwa. Hapo linagusa plastiki ya ndani ya madigadi, au pembe ya bampa. Gari lile lile linalalamikiwa nyuma asubuhi na mbele jioni. Fundi akiliendesha tupu hadi barabarani na kurudi, hasikii kitu, na anasema kwa moyo safi, “Mangi, gari lako zima.”

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua linagusa wapi hasa. Kusikiliza hakutoshi, kwa maana sauti husafiri ndani ya bodi. Paka chaki nene kwenye bega la kila tairi na kwenye ukingo wake wa ndani, pakia watu, panda kilima kimoja na kushuka, kisha angalia chaki imefutika wapi. Kama imefutika begani upande wa nje, tatizo ni ukingo wa madigadi. Ikifutika upande wa ndani, tairi linagusa shokapu, kikombe cha springi au mkono wa chini ambao wengi wetu huuita wishiboni. Isipofutika pote pawili, na kusugua kulisikika usukani ukiwa umekatwa, ni plastiki ya ndani. Fundi mwenye subira hufanya zaidi ya hapo: anatoa springi, anarudisha shokapu na tairi, anapandisha tairi kwa jeki hadi litakapogota, halafu anakata usukani mwisho hadi mwisho. Dakika hizo zinaonyesha kila kitu kitakachogusana siku ya mzigo mzito, bila mtu kupanda Marangu.

Mara nyingi mkosaji ni rimu. Watu hununua rimu kwa macho na kwa idadi ya matundu ya nati: zikiingia, zimefaa. Kuna namba nyingine imepigwa mhuri nyuma au ndani ya rimu, ikianza na herufi ET, nayo ndiyo ofseti: umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. ET ikipungua, rimu inatoka nje. Ikiongezeka, inaingia ndani. Chukua gari lililokuja na rimu ya inchi 15, upana inchi 5.5, ET 45. Mwenye gari anafunga ya inchi 17, upana inchi 7.5, ET 35, na anaona tofauti ni inchi mbili za urembo. Piga hesabu. Rimu ya kwanza ilikuwa na milimita 25 nje ya uso wa habu, ya pili ina 60. Imetoka nje kwa milimita 35. Upande wa ndani nao, kutoka 115 imefika 130, imeingia kuelekea shokapu kwa milimita 15. Hakuna alaimenti duniani itakayorudisha milimita 35. Kulaza tairi kwa digrii 1 huingiza sehemu yake ya juu kwa milimita 5 au 6 tu.

Tairi nalo lina hesabu yake, na hii kila mnunuzi anaweza kuifanya akiwa dukani. Katika 195/65R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu. Ukijumlisha unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 634 na nusu. Ukihamia inchi 17 na kuchukua 205/50R17, kipenyo ni milimita 637, karibu sawa. Lakini ukikuta tairi la mtumba la 215/55R17, zuri na la bei nafuu, ukalichukua, kipenyo ni 668. Limekua kwa milimita 34, na nusu yake, yaani 17, imepanda juu ndani ya madigadi iliyokwisha kushushwa. Muuzaji alikuwa sahihi kwamba linaingia kwenye rimu ya 17.

Hapo ndipo dawa za mkato zinapoanza. Ya kwanza ni kukata plastiki ya ndani. Inaponya kelele, na inafungua njia kwa matope ya masika, vumbi na kokoto kufika kwenye nyaya za taa na viungio vyake. Ukilazimika kuikata, ipashe moto na kuikunja kwanza, kata kile tu kisichokunjika. Ya pili ni kupitisha bomba la chuma kati ya tairi na ukingo wa madigadi huku gari likisukumwa, ili ukingo ukunjike. Ukingo ule unakunjika kweli, lakini rangi inapasuka kwa ndani ambako hakuna anayeangalia, maji yanaingia, kutu inaanza. Kazi hiyo ikifanywa kwa rola yake, rangi ikipashwa moto kwanza na kuzibwa baadaye, ni halali kabisa na inaweza kukupa milimita kadhaa za thamani. Ya tatu ni spesa, kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu. Inalisogeza tairi mbali na shokapu na kulipeleka kwenye ukingo wa nje, na inaongeza mkono unaozielemea beringi. Spesa ni jibu la kusugua kwa ndani peke yake, tena iwe ya kipimo cha gari hilo na bolti zake ziwe ndefu za kutosha.

Ya nne ndiyo inayonitia hofu: tairi jembamba kuvutwa kwenye rimu pana ili mabega yake yalale ndani. Tairi hubeba uzito kwa hewa na kwa umbo la ubavu wake. Namba ya mzigo iliyoandikwa ubavuni, kwa mfano 87, inamaanisha tairi hilo hubeba kilo 545, na 91 hubeba kilo 615. Anayeshuka kutoka 91 hadi 87 amepoteza kilo 70 kwa kila kona, kisha anapakia watu watano. Na ubavu uliovutwa hauna nyama ya kuilinda rimu inapodondoka kwenye shimo. Kwa barabara zetu sioni namna ya kulitetea jambo hili.

Twende kwenye alaimenti, maana hapa kuna mkanganyiko mkubwa kuliko pote. Mashine hupima pembe kadhaa, lakini tatu ndizo zinazobeba maneno. Kemba ni namna tairi linavyolala ukilitazama kwa mbele: likiinamia ndani kwa juu, ni kemba hasi. Tou huonyesha kama matairi mawili yanatazamana au yanapeana kisogo ukiyatazama kutoka juu. Kasta ni mlalo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari ubavuni, na ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona.

Gari likishuka, zote tatu husogea, lakini watu hulaumu kemba kwa sababu inaonekana kwa macho. Tairi likiliwa ndani, jibu la haraka ni “kemba”. Mara nyingi mlaji ni tou. Magari mengi madogo yana mfumo wa mbele uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kuenea baada ya Ford kuutumia kwenye Consul na Zephyr za mwaka 1950: shokapu moja ndefu inayoshika tairi kwa juu na mkono mmoja kwa chini. Bodi ikishuka, ule mkono wa chini unabadilisha mlalo wake, na fimbo ya usukani yenye tairodi inabadilisha wa kwake. Vile havifuatani kwa kipimo kimoja, kwa hiyo fimbo inalisukuma au kulivuta tairi na tou inahama. Fikiria tairi lililopotoka kwa nusu digrii tu. Kwa kila kilomita 1 ya mwendo ni sawa na kuburutwa kando karibu mita 9. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam hiyo ni karibu kilomita 5 za kuburuzwa. Kemba ya digrii 1 au 2 haiwezi kula tairi kwa kasi hiyo.

Mfumo huo una jambo jingine ambalo mafundi wachache hulieleza. Mkono wa chini ukishapita mlalo na ncha yake ya tairi kuwa juu kuliko ncha ya bodi, kila tairi linapobonyea linapoteza kemba hasi pale linapoihitaji zaidi. Sambamba na hilo, kitovu ambacho bodi hulala kukizunguka hushuka haraka kuliko bodi yenyewe. Gari lililoshushwa mno linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa kiwandani. Likilala zaidi, tairi la nje linabanwa zaidi, na tumerudi kwenye kusugua. Mwenye gari alishusha ili litulie.

Kasta huathiriwa na mtindo wa kushusha mbele peke yake. Gari lenye milimita 2,500 kati ya ekseli mbili, likishuka mbele milimita 40 kuliko nyuma, limeinama kwa digrii 0.9, na kasta imepungua kwa kiasi hicho hicho. Usukani unakuwa mwepesi, haurudi vizuri, gari linatangatanga kwenye mwendo kasi wa barabara ya Arusha. Mashine itaonyesha kasta imepungua, na katika magari mengi madogo hakuna bolti ya kuirudisha. Dawa ni kusawazisha kimo cha mbele na nyuma.

Hilo la bolti ndilo swali la kumuuliza mtu wa mashine kabla ya kumlipa: gari hili linarekebishwa wapi? IST, Vitz na Passo zina tou ya mbele tu. Nyuma kuna boriti moja inayoshika matairi mawili, na kushusha gari huiathiri kidogo sana. Tairi la nyuma likiliwa kwenye magari hayo, boriti au habu imepinda, na hakuna pa kufungua wala kukaza. Subaru Impreza ina bolti ya kemba mbele tangu kiwandani. Altezza na Mark II zina mikono miwili kila upande, na nyuma zina bolti za kurekebisha. Hizo ndizo zinazostahimili kushushwa, lakini kemba hasi ya nyuma hukua kadiri zinavyoshuka, na ikishapita uwezo wa bolti zake, inabidi kufunga mikono ya kurekebisha. Kwa magari ya MacPherson yasiyo na bolti ya kurekebisha, kuna bolti maalumu za kemba zinazoweza kuongeza au kupunguza digrii 1 hadi 1.5. Kutanua tundu la shokapu kwa kinoo bila kuweka bolti hizo ni kukaribisha tairi lihame lenyewe kwenye shimo la kwanza.

Asiyeifikia mashine ya matairi manne asidhani amekwama. Uzi bado unapima. Nyuzi mbili zikivutwa sambamba kando ya gari kwenye sakafu iliyosawazishwa, ukapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na hadi ukingo wake wa nyuma, tofauti ndiyo tou. Kwenye rimu ya inchi 15, digrii 1 ni milimita 6.6. Mwenye mkono uliotulia anaweza kuisoma nusu milimita. Nimeona kazi ya uzi iliyofanywa kwa uangalifu ikilishinda jibu la mashine iliyotumiwa na mtu mwenye haraka, ambaye hakupima hata upepo wa matairi.

Mpangilio wa kazi basi ni huu, na haurukwi. Kagua bushi, boljointi, tairodi na beringi. Kitu kilicholegea hakina pembe ya kupimwa. Amua kimo huku gari limebeba mzigo wake mkubwa wa mwaka. Kama springi zimekatwa au kuchomwa, zitoe, weka za kiwandani, au za kushushia zilizotengenezwa kwa gari hilo pamoja na shokapu zinazoendana nazo, au koilova kama mfuko unaruhusu, kwa maana koilova hukuwezesha kupandisha gari Desemba na kulishusha Januari. Pima kimo kila kona, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi; kulia na kushoto visitofautiane kwa zaidi ya milimita 5. Funga rimu na tairi ulizozipigia hesabu. Endesha siku kadhaa ili bushi na springi zikae. Jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Hapo nenda kwenye mashine, na kama gari hubeba familia mara nyingi, weka uzito ndani wakati wa kupima. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kwa sababu zikikazwa likining'inia kwenye jeki, bushi hubaki zimejipinda na huraruka mapema.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo hayasubiri mpangilio wowote. Paipu za breki za mbele ziangaliwe usukani ukiwa umekatwa mwisho kila upande; rimu pana iliyoingia ndani inaweza kuisaga paipu taratibu bila sauti, nawe ukaja kuijua uko kwenye mteremko. Na taa za mbele zirekebishwe, kwa maana gari lililoshuka mbele huangaza miguu yake, na lililoshuka nyuma huwapofusha wanaokuja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, na tairi lililochanwa ubavu kwa kusugua ni ubovu, hata kama rimu inang'aa.

Kuhusu kiasi cha kushusha, nitatoa hukumu yangu. Kwa gari dogo linaloishi Soweto na kupanda mlimani na familia, milimita 25 hadi 30 kwa springi sahihi ndiyo mwisho. Kiasi hicho kinaonekana kwa macho, madigadi inajaa vizuri, na pembe nyingi bado zinarekebishika. Milimita 50 ni ya mwenye koilova, au ya gari lisilobeba zaidi ya watu wawili na lisilotoka kwenye lami. Zaidi ya hapo ni gari la maonyesho, na lisipakie mtoto wa mtu kwenda Marangu.

Vijana wa gereji zetu wanaweza kazi hii. Chuo cha VETA kipo hapa hapa Moshi, na mikono ya kufungua na kufunga tunayo. Kinachokosekana ni mteja anayedai kipimo. Ukienda kupima alaimenti, dai karatasi mbili, ya kabla na ya baada, zenye namba za matairi yote manne, na uandike juu yake kimo cha kila kona siku hiyo. Zitunze kwenye gari. Tairi likianza kuliwa tena, pima kimo kwanza: kikiwa kimeshuka, kosa ni la springi, kikiwa pale pale, rudi kwa mtu wa mashine na karatasi yake mkononi. Na fundi asiyekubali kukuonyesha namba zake, usimwachie gari.